Shanga za udongo usio udongo: kazi ya mikono na amana ya ulimi

Historia ya ushanga katika mkoa wetu wa Dodoma ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Chini ya mwamba wa Kisese, wilayani Kondoa, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua shanga zilizochongwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka Ugogo kwa kulipa hongo ya vitambaa na shanga. Msafiri aliyebeba rangi wasizozipenda wenyeji alijikuta na mzigo usio na thamani, kwani wanunuzi wa zama hizo waliijua vyema bidhaa waliyopewa.

Siku hizi mabinti zetu wameanza kutengeneza hereni, vidani na bangili kwa kitu kiitwacho udongo wa polima. Ni kazi nzuri, na inafaa kwa mwanamke anayetaka kujipatia riziki bila kuondoka nyumbani. Lakini wengi wanaonunua hawajui wanachonunua, na hapo ndipo penye haja ya kupeana nasaha.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kuwa udongo huu si udongo. Ni unga wa plastiki, wa jamii ile ile ya mabomba ya maji, uliochanganywa na rangi na kilainishi. Ulianza kuuzwa Ujerumani na Marekani katika miaka ya 1960, kwa majina kama Fimo na Sculpey. Tofauti yake na ushanga wa mfinyanzi, kama ule wa karakana ya Kazuri iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1975, ni kwamba wa mfinyanzi huchomwa katika tanuri kali, ilhali huu hukauka kwa joto dogo la oveni.

Kazi yenyewe haihitaji mtaji mkubwa. Fundi huukanda mpaka ulainike, huusukuma kwa chupa laini ya kioo, hukata maumbo kwa wembe na kutoboa tundu kwa sindano. Kisha huuoka kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti, ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 110 na 130 za Selsiasi. Ukipoa husuguliwa kwa msasa mpaka ung'ae. Nakshi za majani na vishada vya zabibu za Dodoma zinapendeza, wala hapana haja ya sura za watu na wanyama, ambazo maulamaa wengi wamezikataza.

Tahadhari moja isipuuzwe: udongo huu usiokwe juu ya jiko la mkaa. Joto la mkaa halipimiki kwa urahisi, na plastiki hii ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaodhuru macho na mapafu. Tumia oveni ndogo ya umeme yenye kipimajoto, fungua madirisha na uwaweke watoto mbali. Chombo kilichotumika kwa udongo huu kisirudi kwenye chakula.

Sasa tuje kwenye amana. Udongo wa polima una uwezo mkubwa wa kuiga. Fundi hodari huchanganya rangi hata ukadhani ni marijani, feruzi au akiki. Kamati yetu ya msikiti imewahi kusuluhisha shauri la namna hii. Mzee mmoja alinunua pete ya fedha akiambiwa kito chake ni akiki, naye aliithamini kwa kuwa imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alivaa pete ya fedha. Siku moja kisu kilikikwaruza kito, na akiki haikwaruziki kwa kisu. Binti aliyekitengeneza alisema hakutamka neno akiki. Aliyelitamka ni mama aliyemuuzia mezani. Ni kweli, lakini alikuwa akisikia, akanyamaza. Mzee alirudishiwa fedha zake, na tangu siku hiyo kila bidhaa ya binti huyo ina karatasi ndogo inayotaja ilivyotengenezwa.

Kunyamaza nako ni sehemu ya biashara. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni Madina na kukuta unyevu chini, muuzaji alisema ni mvua. Hakukubaliwa udhuru huo. Aliulizwa kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone, na akaonywa kuwa mdanganyifu si miongoni mwetu. Muuzaji yule naye hakuwa ametamka uongo wowote.

Tukumbuke pia kidani alichoazima Bi Aisha (r.a.) kwa dada yake Asmaa, kikapotea safarini. Msafara mzima ulisimama kukitafuta mahali pasipo na maji, na hapo ikateremshwa aya ya tayamamu. Kilikuwa pambo tu, lakini kilikuwa cha mtu.

Wazazi tuwape mabinti hawa moyo, na tusiwanyang'anye wanachopata. Aya ya 32 ya Suratun-Nisaa imewathibitishia wanawake fungu lao katika wanachokichuma. Bi Zaynab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume, alifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka kutokana na pato lake. Nao mabinti wamwambie mnunuzi waziwazi: hii ni plastiki, nimeifinyanga kwa mkono wangu, na bei yake ni hii. Atakayenunua baada ya hapo atakuwa ameilipia kazi yao, na fedha hiyo itaingia nyumbani ikiwa halali.

Mwenyezi Mungu atubarikie kazi za mikono yetu na atuhifadhie ndimi zetu. Amin.