Mwili wa Kariakoo, saa ya Guangzhou

Saa tatu asubuhi masoko ya jumla ya Guangzhou, kusini mwa China, yamekwisha kuchangamka. Mfanyabiashara aliyetua jana kutoka Dar es Salaam kufuata mzigo naye yumo, kikokotoo mkononi, akibishania bei ya mikoba kule Sanyuanli, mtaa unaojulikana kwa bidhaa za ngozi. Muuzaji anabonyeza tarakimu na kumgeuzia kioo; yeye anazifuta, anaandika zake, anamrudishia. Kwa saa ya ukutani amewahi kazini. Kwa saa ya mwili wake ni saa kumi usiku, na Kariakoo nzima bado imelala.

Wengi huiita hali hiyo uchovu wa safari, wakiamini kwamba usingizi wa usiku mmoja utaimaliza. Kumbe yamechanganyika mambo mawili. Kuna yanayosababishwa na ndege yenyewe, ambayo kwa mtu mwenye afya huisha ndani ya siku moja au mbili. Na kuna yanayosababishwa na kuvuka majira ya saa, ambayo huchukua siku kadhaa na hayaishi kwa kulala tu. Anayeyatofautisha hujua wakati wa kulala, wakati wa kutoka juani, na wakati ambao hapaswi kutanguliza hela ya mtu yeyote.

Saa kumi angani

Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou ni zaidi ya kilomita 8,500. Ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa takribani saa kumi. Wanaopitia Addis Ababa, Doha au Dubai huongeza saa za kusubiri. Muda mwingi ndege huwa kwenye kimo cha mita 10,000 na zaidi, ambako baridi ya nje hufika nyuzi 50 chini ya sifuri na hewa ni nyepesi mno kwa binadamu. Ndiyo maana ndani hujazwa hewa kwa mgandamizo, ingawa haifikii ile ya usawa wa bahari. Kanuni za usalama huruhusu hewa ya ndani iwe nyepesi kama ya mlimani, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi. Ndege za kizazi kipya, kama Boeing 787, huibakiza kwenye mita 1,800 hivi.

Tofauti hiyo haiwagusi abiria wote sawasawa. Mkazi wa Nairobi, jiji lililo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, akipanda Boeing 787 huvuta hewa inayokaribia aliyoizoea nyumbani. Mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja ametolewa ufukweni na kupandishwa mlimani kwa muda usiofika nusu saa. Oksijeni katika damu yake hupungua kwa asilimia chache, moyo huongeza mwendo kidogo, na kichwa kinaweza kuwa kizito. Mtu mzima wa afya hulimudu hilo bila shida. Mwenye selimundu, upungufu mkubwa wa damu au ugonjwa wa mapafu amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Mgandamizo ukipungua, gesi hutanuka. Ndiyo sababu pakiti ya krispsi iliyofungwa hutuna angani, na tumbo nalo vivyo hivyo. Aliyekula maharage usiku wa kuamkia safari atayajua haya bila kufundishwa. Ndege ikianza kushuka, kazi huhamia masikioni, kwa sababu hewa ya nje sasa inasukuma kiwambo cha sikio kuelekea ndani. Kumeza mate, kutafuna pipi au kupiga miayo hufungua mrija unaounganisha sikio na koo. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati huo.

Kisha kuna ukavu. Unyevu ndani ya ndege mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20, na mtu wa pwani hajauzoea ukame wa namna hiyo. Midomo hukauka, macho huwasha, pua hupoteza ute unaonasa vumbi na vijidudu. Hata chakula hupwaya. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walilijaribu jambo hili ndani ya kiunzi cha ndege halisi kilichowekwa maabara, wakaona kwamba katika mgandamizo mdogo ulimi huhisi chumvi na sukari kwa udhaifu. Kwa hiyo usimlaumu mpishi peke yake.

La kuchukuliwa kwa uzito zaidi liko miguuni. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu ya huko chini irudi moyoni. Ukikaa kitako saa nyingi, damu hutuama na inaweza kuganda ndani ya mshipa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa kwa zaidi ya saa nne huongeza hatari hiyo kama maradufu. Hata hivyo hatari yenyewe ni ndogo, takriban mtu mmoja kati ya 6,000. Wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wanaotumia baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango na waliowahi kuganda damu wamo hatarini zaidi. Dawa ya bure ni kuinuka na kutembea ujiani, na ukiwa kitini kuinua na kushusha visigino. Ukifika, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikubana ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Saa iliyomo kichwani

Jambo la pili ndilo gumu. Mwaka 1729 mwanasayansi Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauwongo, ule ambao watoto huuchezea kwa kuugusa ili ujikunje. Majani yake hufunguka mchana na kujifunga usiku. Mairan alikuta kwamba hata pasipo jua yaliendelea kufunguka na kujifunga kwa wakati ule ule. Mmea ulikuwa na saa yake.

Binadamu naye anayo. Iko ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa miwili ya macho inapokutana, nayo ni vifungu viwili vya seli vyenye jumla ya seli za neva 20,000 hivi. Jinsi inavyofanya kazi ilifumbuliwa kwa kuchunguza inzi wadogo wa matunda, kazi iliyowapa Wamarekani Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Jeni fulani huagiza protini itengenezwe. Protini hiyo hulimbikizana hadi inaizima jeni iliyoiagiza, kisha huvunjwavunjwa pole pole, jeni huwaka tena, na mzunguko unaanza upya. Duru moja huchukua siku moja.

Siku moja, lakini kwa ziada kidogo. Watu waliochunguzwa maabara bila kuliona jua walionyesha kwamba saa ya binadamu huzunguka kwa wastani wa saa 24 na dakika 11. Mwanga unaoingia machoni kila siku ndio unaoisawazisha. Kwa kuwa kwa asili saa hii hupenda kuchelewa, kurefusha siku huiwia rahisi kuliko kuifupisha. Anayesafiri kwenda magharibi anarefusha siku yake, naye huzoea kwa kasi ya kama saa moja na nusu kwa siku. Anayekwenda mashariki anaifupisha, na huzoea kwa saa moja hivi kwa siku.

Dar es Salaam na Guangzhou zimetenganishwa na nyuzi 74 za longitudo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo jua la Guangzhou hulitangulia la Dar es Salaam kwa karibu saa tano kamili. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga kwa jahazi. Mnyama yule aliivuka tofauti hiyo kwa miezi, dakika chache kila siku, na mwili wake haukuhisi kitu. Ndege huivuka kwa usiku mmoja.

Siku tatu za mwanzo

Tuchukue mtu ambaye Dar es Salaam hulala saa nne usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Usiku wa kwanza Guangzhou, ikifika saa sita usiku, tumbo lake litadai chakula cha jioni, kwa sababu nyumbani ni saa moja. Usingizi wenyewe utakuja saa tisa usiku. Joto la mwili na wepesi wa akili hufika chini kabisa kama saa mbili au tatu kabla ya muda wa kawaida wa kuamka. Kwake yeye, hiyo ni saa mbili hadi saa tatu asubuhi ya Guangzhou, wakati maduka yanapofunguliwa.

Hapo ndipo ushauri uliozoeleka wa "toka juani asubuhi na mapema" unapoharibu. Mwanga mkali unaokuja kabla ya kipindi hicho cha chini kabisa huirudisha saa ya mwili nyuma, kinyume na anakotaka kwenda. Unaokuja baada yake huisogeza mbele. Basi asubuhi ya kwanza avute pazia au avae miwani ya jua hadi saa nne hivi, halafu ajianike kwa mwanga wa nje saa mbili tatu. Kila siku inayofuata auwahi mwanga huo kwa saa moja. Milo aifuate saa ya Guangzhou tangu siku ya kwanza, maana ini na utumbo navyo vina saa zake, na hizo hufuata chakula.

Vidonge vya melatonini, homoni ambayo mwili huitoa giza linapoingia, vimethibitika kuwasaidia wanaovuka majira matano au zaidi, vikimezwa kwa kiasi kidogo karibu na saa ya kulala ya huko ugenini. Mwenye kifafa au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asivimeze bila idhini ya daktari. Mwenye kisukari anayejichoma insulini naye apange na daktari ratiba ya sindano kabla ya kuondoka.

Kurudi nyumbani ni rahisi zaidi. Utaamka saa nane au tisa usiku kwa siku mbili tatu, na usingizi utakuzidi mara tu jua likizama. Kaa nje kwenye mwanga wa jioni, usilale mapema, na siku ya nne utakuwa mtu wa kawaida.

Kwa anayefuata mzigo, hesabu ni fupi. Siku mbili za mwanzo Guangzhou, asubuhi iwe ya kutembeza macho na kukusanya sampuli. Bei, mikataba na malipo viwekwe kuanzia saa nane mchana, maana ndipo mwili wako unapofika saa tatu asubuhi ya Dar es Salaam na akili imeamka. Muuzaji aliyeko mbele yako amelala kwake na kuamka kwa saa yake. Usimpe faida hiyo bure.