Lugha ya Maonyo katika Vitabu vya Maelekezo ya Mitambo

Kwa miaka mingi kanda ya West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa ya umeme. Jijini Arua na mjini Koboko, jenereta na mashine za kusaga zinazotumia dizeli zikawa sehemu ya maisha ya kila siku. Kitabu cha maelekezo ya mtambo wa namna hiyo ni matini halisi ambayo mwalimu wa Kiswahili anaweza kuipeleka darasani. Tunaitazama kwa makini kuliko barua au tangazo, kwa sababu hapa sentensi iliyoundwa vibaya yaweza kuua.

Kwa desturi ya kimataifa, onyo hutanguliwa na neno moja la herufi kubwa. HATARI huashiria jambo ambalo lisipoepukwa litaua au kujeruhi vibaya. ONYO, jambo linaloweza kufanya hivyo. TAHADHARI, jambo linaloweza kuleta jeraha dogo au la wastani. Rangi zake ni nyekundu, ya machungwa na manjano. Wapo wafasiri wanaotumia ONYO na TAHADHARI kana kwamba ni neno moja. Kwa hiyo mwanafunzi azoezwe kusoma kwanza ukurasa unaofafanua maneno hayo.

Sasa tulinganishe sentensi hizi:

(1) Usiwashe jenereta ndani ya nyumba kwa muda mrefu.
(2) Usiwashe jenereta ndani ya nyumba.

Katika (1), kiambishi kanushi -si- chaweza kueleweka kuwa kinakanusha kirai “kwa muda mrefu” peke yake, na msomaji akahitimisha kwamba nusu saa haina madhara. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo yaweza kuua kwa dakika chache. Sentensi (1) haina kosa la sarufi, lakini haifai kuwa onyo.

(3) Fungua kifuniko cha tangi baada ya kuzima injini na kuiacha ipoe.
(4) Zima injini. Iache ipoe. Kisha fungua kifuniko cha tangi.

Maana ni ile ile. Hata hivyo, mtu asomaye huku mkono wake umeshika kifuniko hukutana kwanza na kitenzi “fungua”. Mfuatano wa vitenzi na ufuate mfuatano wa vitendo.

(5) Zima injini kabla hujafungua kifuniko.

Mzawa wa pwani haoni tatizo hapa. Wanafunzi wetu wengi ni wasemaji wa Kilugbara na Kikakwa, lugha zisizo za Kibantu, nao wamekwisha kufundishwa kwamba “huja-” ni ukanushi. Hapa hakuna kinachokanushwa: “kabla hujafungua” ni sawa na “kabla ya kufungua”. Muundo huu ni sahihi, tena mzuri, na ufundishwe. Ila kwenye kibandiko cha mashine tunapendelea ule wa pili.

(6) Kifuniko kisifunguliwe injini inapofanya kazi.

Kauli ya kutendwa humficha mtenda. Je, anayekatazwa ni fundi, mwenye mashine, au mtoto aliyeleta muhogo kusagwa? “Usifungue” humlenga yeyote anayesoma.

Zoezi: Kwa idhini ya mwenye mashine ya kusaga iliyo jirani na chuo, nakilini maonyo yote yaliyobandikwa juu yake. Andikeni upya kila onyo ambalo lingeweza kueleweka kwa namna mbili, kisha mmsomee mwendeshaji na kumwuliza angefanya nini.