Unataka kuwa fundi bati? Jua pa kuanzia, na haki zako

Mvua ndefu ikikaribia, simu ya fundi bati haitulii. Huyu anataka gata, yule paa lake linavuja penye maungio, na shule nayo inataka maji ya paa yaingie kwenye tangi kabla Aprili haijapita. Kazi ipo. Lakini vijana wengi huingilia ufundi huu njiani: unaanza kama mtu wa mkono kwenye mjengo, unabeba mabati, unamtazama fundi akikunja, na baada ya miaka miwili watu wanakuita fundi. Ustadi unao. Cheti huna, na ukianguka kutoka juu ya paa hujui umdai nani.

Mwanagenzi huanza na vipimo. Jambo la kwanza ni geji, na hapa wengi hukosea: kadiri namba inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na 30 ni nyepesi kuliko 28. Wateja wengi hudhani kinyume, na wapo wauzaji wanaowaacha wadhani hivyo. Kisha unajifunza kuchora kwenye bati, kukata kwa mkasi, kukunja ukingo ili usikate mikono, na kuunga vipande kwa riveti au kwa lehemu. Ukiingia Kamukunji jijini Nairobi utaona kazi hii ikifanywa juu ya kipande cha reli na nyundo, na masanduku yanatoka yamenyooka. Tahadhari moja: ukichoma bati lililopakwa zinki, moshi wake huleta homa na kifua kubana. Fanyia kazi hiyo mahali penye hewa.

Gata ndiyo humtofautisha fundi na mbahatishaji. Inataka mteremko mdogo kuelekea upande wa bomba la kushusha maji, kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita 2. Nyumbani kwa wazazi wangu iliwekwa sawasawa kama rula, ikapendeza sana machoni. Maji yakasimama katikati, majani yakaozea humo, na kutu ikaanza kula kutoka ndani. Hasara yake unaweza kuihesabu: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba inayofunika mita 50 za mraba, ikipata mvua ya milimita 10, hupokea lita 500, yaani mitungi 25 ya lita 20. Maji hayo gata mbovu huyamwaga kwenye msingi wa nyumba.

Njia za kujifunza ni mbili, na zinaweza kukutana. Ya kwanza ni vyuo vya ufundi vya kaunti, vile ambavyo wengi bado wanaviita polytechnic za vijijini. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliviweka chini ya serikali za kaunti. Ya pili ni kukaa chini ya fundi. Aliyejifunzia kazini hajafungiwa mlango: anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, akianzia daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza. NITA ina vituo Nairobi, Athi River, Mombasa na Kisumu. Cheti hicho hukusaidia pia unapotaka kutambuliwa na NCA, mamlaka inayosajili mafundi wa ujenzi.

Kabla ya kuanza chini ya fundi au mkandarasi, andikeni makubaliano, hata kama ni kwenye daftari. Utafunzwa kwa muda gani? Utalipwa nini kwa siku? Zana ni za nani, na nani atalipia mtihani? Nyote mtie sahihi mbele ya shahidi. Najua wengine wataona ni kumkosea mzee heshima, lakini ugomvi mwingi wa mjengo hutokana na maneno ambayo kila mtu aliyasikia kivyake.

Sasa lile ambalo wengi hawajui. Sheria ya Ajira ya 2007 na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, WIBA, ya mwaka huohuo, zinamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Mwajiri anatakiwa awe na bima ya majeraha ya kazini. Ukiumia, mjulishe mapema, ikiwezekana kwa maandishi, na utunze karatasi zote za hospitali. Yeye ana siku 7 tangu apate habari kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai ya fidia yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Kuambiwa kwamba wewe ulikuwa unajifunza tu hakukuondolei haki hiyo.

Na ukiwa juu, kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake ndiko kuna mbao. Usibebe bati peke yako upepo ukivuma, na uangalie nyaya za umeme kabla ya kuinua chochote kirefu.

Kujiandikisha, fika kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu nawe ukiwa na kitambulisho na vyeti ulivyo navyo, hata kama ni cha darasa la nane pekee. Ukikwama kwa karo, uliza afisi ya wadi yako kuhusu basari kabla ya muhula kuanza.