Mashine ya Kukatia Nyasi: Okota Mawe Kwanza



Ndugu msomaji, mvua zinapokolea hapa Nyamagana, majani huota haraka kuliko tunavyoyafyeka. Uwanja wa msikiti, ua wa madrasa, makaburini na mbele ya nyumba zetu, kote hugeuka pori. Zamani kazi hii ilikuwa ya fyekeo. Siku hizi wapo wanaonunua au kukodi mashine ya kukatia nyasi, iwe ile ya kusukuma yenye magurudumu au ile ya kuning'iniza begani. Ni jambo jema, lakini lina hatari ambazo wengi wetu hatuzijui.

Nakumbuka mtoto wa miaka saba aliyeletwa kwetu nikiwa zamu, siku mbili kabla ya Idd. Alikuwa amesimama barazani, kiasi cha hatua kumi, akimtazama kaka yake akikata majani. Kokoto iliruka kutoka chini ya mashine ikampiga jichoni. Tulimpa rufaa saa ile ile, lakini jicho lile halikuona tena. Kaka aliyeshika mashine hakupata hata mkwaruzo.

Faida zake

Mashine hizi si ngeni duniani. Ya kwanza ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830. Faida yake kubwa ni wepesi: eneo la kufyeka asubuhi nzima humalizika kwa muda mfupi, tena bila kuinama na kuumiza mgongo. Majani yakiwa mafupi, nyoka hukosa maficho karibu na mlango, na mtoto anayetoka kwenda chooni usiku huona anapokanyaga. Vile vile makopo, vifuu na matairi yaliyofichwa na majani huonekana yakaondolewa. Humo ndimo maji ya mvua hutuama, na mbu waenezao homa ya dengi hutaga mayai.

Hapa tusijidanganye, kwani mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama, si kwenye majani. Kukata nyasi hakuondoi haja ya kufukia madimbwi na kulala ndani ya chandarua.

Hatari iko wapi?

Kisu cha mashine ya kusukuma huzunguka kiasi cha mara 3,000 kwa dakika. Ncha yake hukimbia zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Linganisha na basi la abiria, ambalo mwisho wake kisheria ni kilomita 80. Kisu hicho kikigonga kokoto, msumari au kipande cha waya, kitu hicho hutoka kama risasi.

Sasa fikiria mji wetu. Mwanza ni jiji la miamba. Kuanzia Isamilo hadi Mabatini na Igogo, nyumba zimejengwa juu ya mawe na kati ya mawe. Mashine ambayo kwingine hukata nyasi tupu, kwetu hukata nyasi zilizoficha kokoto. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuwasha mashine, bali kuokota mawe. Sote tulifundishwa madrasa kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani. Basi na hili ni katika hilo.

Fuata haya

1. Pita eneo lote kwa miguu, okota mawe, vyuma, waya na chupa. Penye miamba mingi, acha mashine, tumia fyekeo.

2. Watoto waingie ndani ya nyumba, si barazani. Mtu mzima naye akae mbali, mita 15 au zaidi. Akikaribia mtu, zima.

3. Vaa viatu vigumu vya kufunika vidole, suruali ndefu na miwani ya kujikinga. Kandambili si vazi la kazi hii. Ziba masikio pia, kwani kelele za mashine ya petroli huweza kufika desibeli 90, na zikiendelea kwa saa nyingi huharibu usikivu.

4. Majani yakikwama, usiingize mkono wala mguu. Zima, subiri kisu kisimame kabisa, chomoa waya wa plagi ya injini, kisha tumia kijiti. Ya umeme ichomolewe ukutani.

5. Usikate majani mabichi kwa mvua. Utateleza, na ya umeme inaweza kukupiga shoti. Kwenye mteremko, sukuma mashine ya magurudumu kwa kukatisha ubavuni, si kupanda na kushuka.

6. Jaza petroli nje, injini ikiwa imepoa, mbali na sigara na jiko. Usiwashe injini ndani ya stoo, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Petroli isihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Ajali ikitokea

Jicho likipigwa, usilisugue, usichomoe kilichoingia, wala usitie maziwa au dawa yoyote. Lifunike kwa kikombe safi bila kuligandamiza, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Jeraha linalotoka damu lifunikwe kwa kitambaa safi na kugandamizwa kwa nguvu. Usipake mafuta ya taa, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kisigusane na barafu yenyewe. Daktari ndiye ataamua kama kinaweza kurudishwa.

Hata jeraha dogo lenye udongo huweza kuingiza pepopunda, ugonjwa unaoua. Akina mama hupewa chanjo yake wakati wa ujauzito, lakini wanaume wengi hatukumbuki tulichanjwa lini. Uliza zahanati.

Ndugu msomaji, yule mtoto hakugusa mashine, alitazama tu. Kabla hujavuta kamba ya kuiwashia, geuka nyuma uangalie nani amesimama.

Wabillahi tawfiiq.