Nilitaka Kumharakisha Mungu

Krismasi ya mwaka wa tano wa ndoa yetu ndiyo iliyonimaliza. Kama kawaida ya sisi Wachaga, tulipanda basi kutoka Dar kwenda nyumbani Moshi. Kila nyumba tuliyoingia, swali lilikuwa lile lile: "Vipi, bado tu?" Mke wangu alitabasamu mchana kutwa. Usiku akalia.

Kesho yake mama akaniita pembeni, kule migombani. "Sikiliza baba yangu, mimi nazeeka. Mwanaume hakosi mtoto. Tafuta hata huko nje, tutamlea sisi."

Kusema kweli, sikukataa. Nilinyamaza, na kunyamaza kwenyewe kulikuwa nusu ya kukubali. Tuliporudi Dar nikaanza kujibu meseji za dada mmoja wa kazini, ambazo zamani nilikuwa nazichunia.

Wiki hizo jumuiya yetu ilikuwa inasoma kitabu cha Mwanzo. Jioni moja nikapewa mimi sura ya 16 niisome kwa sauti. Stori yenyewe unaijua. Abramu alikuwa na miaka 75 Mungu alipomwahidi uzao. Baada ya miaka 10 pale Kanaani, Sarai akachoka kusubiri, akampa mumewe mjakazi wake Hajiri. Abramu akafikisha miaka 86, Ishmaeli akazaliwa.

Kilichonishtua ni kwamba mpango ule ulifanikiwa! Mimba ilipatikana, halafu ndipo nyumba ikawaka moto. Hajiri akamdharau bibi yake, Sarai akamtesa, na Abramu akanawa mikono, eti mjakazi ni wako, mfanye utakavyo. Binti wa watu akakimbilia jangwani na ujauzito wake. Mungu ndiye aliyemwona huko.

Sauti ikanikauka. Nilikuwa nimejifikiria mimi, mama, na kidogo mke wangu. Yule dada wa kazini sikuwahi kumfikiria hata siku moja. Nilikuwa namtafuta Hajiri wangu.

Usiku ule nilimwambia mke wangu yote, ya mama na ya meseji. Siku tatu hakusema na mimi. Ya nne akaniambia, "Kama tunamsubiri Mungu, tusubiri wote. Na hospitali twende wote."

Hapo alinishika pabaya. Miaka mitatu alikuwa anahangaika na vipimo peke yake. Mimi nilijiita mtu wa imani, kumbe nilikuwa naogopa majibu. Nikaenda. Daktari akanieleza taratibu kwamba tatizo liko kwangu, mbegu ni chache. Yaani hata huko nje ningekwenda kumpotezea mtu muda!

Tangu hapo nimejifunza kwamba subira siyo kukaa tu na kukunja mikono. Ni kukataa njia ya mkato inayomuumiza mtu mwingine, huku ukifanya lile lililo ndani ya uwezo wako. Kupima siyo kukosa imani. Na wala hatuko peke yetu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilisema takriban mtu 1 kati ya 6 hupitia tatizo la uzazi katika maisha yake.

Krismasi iliyofuata nilikwenda mwenyewe kwa mama, pale pale migombani, nikamwambia tatizo ni langu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaingia jikoni kwa mkwewe, akamshika mkono. Swali la "bado tu" halijarudi tena.

Huu ni mwaka wa saba. Natumia dawa na mtoto hatujapata. Zipo siku nasali kwa hasira, siwezi kukudanganya. Lakini narudi kwa Abrahamu, aliyempata Isaka akiwa na miaka 100. Miaka 25 tangu ahadi, na katikati alikosea kama mimi, na Mungu hakumwacha.

Jina Isaka maana yake ni kucheka. Sara alicheka nyuma ya mlango wa hema aliposikia atazaa uzeeni, kwa kuwa alishakata tamaa. Nyumbani kwetu kilio cha mtoto bado, ila mimi na mke wangu tumeanza kucheka tena. Na wewe unayesubiri, chochote kile, usisubiri peke yako.