Washauri wa Wahadhiri (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona mhadhiri anavyoajiriwa: anaulizwa shahada ya uzamivu, machapisho na wadhamini. Kufundisha anajifunzia kazini, mbele ya wanafunzi waliokwisha kulipa ada. Leo tuwatazame watu wanaoajiriwa kumsaidia.

Nchini Marekani kazi hii si ngeni. Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua kituo chake cha ufundishaji mwaka 1962, cha kwanza cha aina hiyo nchini humo. Harvard ilifungua chake mwaka 1975, na mwaka uliofuata washauri wenyewe wakaunda mtandao wao, POD. Hawana rungu, hawa. Hawapandishi mtu cheo wala hawamwandikii onyo, na kwa maoni yangu nguvu yao yote imo humo.

Chukua utaratibu mmoja uliobuniwa Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle, miaka ya 1970. Katikati ya muhula mhadhiri anamwalika mshauri darasani, anamtambulisha, kisha yeye mwenyewe anatoka nje. Wanafunzi wanakaa vikundi vya watu wanne watano. Maswali ni machache: kipi kinawasaidia kujifunza somo hili, kipi kinawakwamisha, kirekebishwe vipi? Kikundi sharti kikubaliane kwanza ndipo kiseme. Mwenye kinyongo cha alama akianza kulalama kwamba anaonewa, wenzake humtuliza. Lakini vikundi vyote vikisema kwamba mhadhiri anafuta ubao kabla hawajamaliza kunakili, hayo si majungu tena. Mshauri anaandika, anauliza wangapi wanaafiki, anaaga. Nusu saa inatosha.

Kazi ngumu inamngoja ofisini, anapoketi na mhadhiri. Msomi aliyezoea kusifiwa hapendi kuambiwa kwamba haeleweki. Takwimu zipo: uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kuwa wanafunzi wanaosikiliza mihadhara tu hufeli mara moja na nusu zaidi ya wanaoshirikishwa. Hata hivyo, ni wachache wanaobadilika kwa takwimu za watu wengine. Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alikuwa akipewa sifa nzuri na wanafunzi wake mpaka alipowapa jaribio la dhana za msingi za mwendo na kani. Mmoja akamuuliza ajibu vipi: kwa namna alivyofundishwa, au kwa namna yeye mwenyewe anavyofikiri? Matokeo yakamshtua profesa. Akapunguza kuhutubia, akaanza kutoa maswali ambayo wanafunzi hujadiliana wao kwa wao kabla ya kujibu.

Mshauri mzuri humtafutia mhadhiri ushahidi wa namna hiyo kutoka darasani mwake mwenyewe, kisha humwachia achague jambo moja au mawili ya kurekebisha. Kipindi kinachofuata mhadhiri huwaeleza wanafunzi amesikia nini, atabadilisha lipi, na lipi halibadiliki na kwa sababu gani.

Ripoti ni mali ya mhadhiri peke yake. Mkuu wa idara akiitaka, jibu ni kwamba amwombe mwenyewe. Siku ripoti hizo zitakapoanza kuonekana kwenye mafaili ya kupandisha vyeo, nani atamfungulia mshauri mlango wa darasa lake?

Wiki ijayo: mtu anaingiaje katika kazi hii.