Ukinunua tosta, anza kuikagua chini

Katika maduka ya vyombo vya umeme, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, tosta huuzwa kwa sura. Inayong'aa hupangwa mbele, yenye taa nyingi huitwa ya kisasa, na mteja huulizwa kama anataka nyeusi au nyekundu. Swali la maana zaidi haliulizwi: siku ikiharibika, fundi ataweza kuifungua?

Tosta ni chombo rahisi kukielewa. Ndani yake mna waya wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906. Waya huo huiva ukawa mwekundu mara elfu bila kukatika, nao huzungushwa kwenye vibao vyembamba vya ulanga. Katika tosta nyingi za leo, mkono unaoshusha mkate hushikwa na sumaku ya umeme. Muda ukiisha, sumaku huachia na springi huinua slesi. Kwa hiyo ukiubonyeza mkono dukani kabla tosta haijachomekwa, usishangae ukirudi juu. Mwombe muuzaji aiwashe ndipo uijaribu.

Hata kuharibika kwake kunaeleweka. Chembe za mkate hujaa chini, zikaingia kwenye sumaku, mkono ukakataa kushika. Hapo dawa ni kusafisha tu. Waya ukikatika, mkate huiva upande mmoja, au tosta haipati moto kabisa. Kadi ya umeme inayohesabu muda ikiungua, fundi hulazimika kutafuta nyingine, na kwa tosta za bei ya chini vipuri kama hivyo ni nadra kupatikana.

Basi ukiwa dukani, igeuze. Tafuta skrubu za kawaida ambazo bisibisi yoyote inazifungua. Ukikuta ribiti, au skrubu zenye kichwa cha pembetatu, jua mtengenezaji hakutaka ifunguliwe. Vuta trei ya chembe, itoke na kurudi bila kukwama. Shusha mkono taratibu: usiyumbe wala kukwaruza. Bodi ikiwa ya chuma, hakikisha plagi ni ya pini tatu na waya wa ethi umo, kwa sababu waya wa nikromu uko wazi, na ukigusa bodi bila ethi, anayeishika ndiye atakayepigwa shoti. Kwa sababu hiyohiyo, usichokoe slesi iliyokwama kwa kisu kabla ya kuchomoa plagi.

Wapo waliotengeneza tosta kwa nia ya kufunguliwa na kutengenezwa tangu mwanzo. Dualit ya Uingereza, kampuni iliyoanzishwa na mhandisi Max Gort-Barten mwaka 1945, hutengeneza tosta yenye saa ya kuzungusha kwa mkono, na kila kibao cha moto hubadilishwa peke yake. Bei yake ni mara kadhaa ya tosta ya kawaida, na si kila nyumba itaimudu. Lakini inathibitisha kwamba tosta inayotengenezeka inawezekana.

Tahadhari nyingine ni kwa zawadi za ndugu walio ng'ambo. Tosta ya Marekani ni ya volti 120, ya Japani 100, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Volti zikiwa maradufu, nguvu inayopita kwenye waya hukaribia mara nne, na waya huungua palepale. Ya Uingereza haina shida hiyo, hata ikiwa ya mitumba. Soma kibandiko kilicho chini yake.

Wala usidanganywe kwamba ya zamani inamaliza umeme. Tosta ya wati 900 ikifanya kazi dakika tatu, hutumia wati-saa 45. Itahitaji raundi 22 hivi kumaliza uniti moja.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Tosta mbili zinazotupwa ndani ya miaka michache zinaweza kugharimu zaidi ya moja nzuri iliyopitia kwa fundi mara moja. Wauzaji nao huagiza kinachoulizwa na wateja. Tuwaulize basi, kila tunapoingia dukani: inafunguka? Vipuri vipo? Jibu likiwa hapana, tusinunue.